Pikapu Mbili, Gereji kwa Mchopa

Zimeegeshwa kitako kwa kitako,
nyeupe ya majani saba, ya bluu ya koili,
nami katikati na bahasha ya korosho,
mnada wa tatu, daraja la kwanza,
nimeikunja mara nne kama barua ya posa.

Mchopa hajafungua boneti.
"Injini ni mdomo," anasema. "Nani hana mdomo?"
Anatandika boksi, analala chali, anaingia uvunguni,
sauti inatoka kama ya mtu aliye kisimani:
"Hesabu mwenyewe, Somoe. Hili la juu ndilo mama,
ndilo lenye masikio. Mengine yanambeba kutoka chini.
Hili la mwisho linasinzia tu;
mzigo ukizidi ndipo linaamka."

Ya bluu naikanyaga bampa kwa mguu mmoja:
inashuka, inanyanyuka, inatulia,
kama mkwe anavyoketi ukweni.
Nyeupe naipanda, naruka kwa miguu miwili.
Haijui kama nipo.

Shemeji Lipapa ametoka Mtwara mjini na tarakimu.
Ya bluu inavuta tani tatu na nusu,
kitabu chake kimeandika,
na anaitaja hiyo nusu kama anayetaja mahari.
"Kuvuta si kubeba," uvungu unamjibu.
"Shingo ya tela ikilalia kulabu,
huo nao ni mzigo, utoe kwenye magunia.
Na aliyeandika kitabu hajashuka Kitangari
mvua ya Desemba, breki zinanuka,
tela nyuma linauliza mbona unachelewa."

Gunia kilo themanini.
Kumi na mbili: mia tisa na sitini.
Ongeza dereva. Ongeza utingo.
Ongeza jirani asemaye mimi mwepesi, nashukia hapo Mnyambe,
na mtoto wake, na kuku wake, na jembe la shangazi yake.
Tani imekwisha na gari hatujaliwasha.

Ningeilipia nyeupe palepale.
Ila kuna safari moja sijawahi kumsimulia Lipapa.

Mama alianguka, nyonga ikavunjika.
Newala hadi Ndanda, pikapu ya kukodi,
majani tisa, gari la kubebea mawe,
na siku ile halikuwa na mzigo ila yeye:
kilo arobaini, na godoro.
Chuma kile hakikumwona.
Kila shimo kilimrusha, kikamdaka, kikamrusha tena,
na mama, aliyenizaa mimi bila sauti,
akaomba tumshushe atembee.

Dereva akasimama. Kijana tu, jina sikumuuliza.
Akachukua beleshi, akajaza viroba mchanga wa kandokando,
saba, nane, kumi,
akavipanga juu ya ekseli, kimoja kimoja,
kila kimoja akikibonyeza kwa kiganja
kama anayepima joto la uji.
Springi zikainama.
Tukaondoka na nusu tani ya mchanga wa bure
ili mwanamke wa kilo arobaini asinzie.
Kabla ya Nagaga alikuwa anakoroma.

Mchopa anatoka uvunguni,
anafuta grisi kwa kipande cha fulana ya kampeni.
"Utabeba nini?"
Korosho, nasema. Oktoba mpaka Desemba.
"Na miezi iliyobaki?"

Lipapa anatazama saa.
Kule barabarani bodaboda inapita na kitanda,
kitanda kizima, miguu juu,
na hakuna anayeshangaa.

"Nyeupe," nasema, nakunjua bahasha.
"Na unitafutie viroba kumi, vitupu,
uviweke nyuma ya kiti."

Lipapa anauliza viroba vya nini.
Naanza kuhesabu noti.
Beleshi ninalo nyumbani.